Mbeti na Amana Isiyoandikwa

Daktari aliigeuza picha ya kifua kuelekea dirishani, akaitazama kwa muda, kisha akasema kwamba moyo wa Mbeti umepanuka.

“Hilo nalo ni jambo baya?” Mbeti akauliza. “Miaka yote hii mawifi zangu wananilaumu kuwa nina roho ndogo.”

Daktari alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Alimwambia apunguze chumvi, asipande ngazi bila sababu, ameze vidonge asubuhi na jioni. Kisha, huku akiandika bila kuinua macho, akaongeza kwamba mtu wa umri wake, mwenye hali kama hiyo, hufanya vyema kuyapanga mambo ya nyumba yake mapema.

Mbeti alikuwa na miaka sabini na mmoja. Ishirini na tisa kati ya hiyo aliimaliza katika chumba cha kufulia cha hospitali moja ya jiji, akipiga pasi mashuka ya wagonjwa, na katika kazi ile alijifunza kusikia daktari anasema nini hata pale asiposema. Alirudi mtaani kwake Kaloleni kwa miguu, akipumzika mara tatu njiani, na katika mapumziko yale aliyapitia mambo ya nyumba yake yaliyohitaji kupangwa. Lilikuwa moja tu, na jina lake lilikuwa Kathini.

Kathini alikuwa mtoto wake wa pekee. Homa ya utotoni ilimwachia kifafa, na akili ya mtoto wa miaka mitano ndani ya mwili wa mwanamke wa miaka thelathini na sita. Alijua kukunja nguo kona kwa kona kuliko dobi yeyote. Alijua nyimbo zote za kanisani na majina ya mbwa wote wa mtaa. Lakini hakujua tofauti ya noti na noti, na hakuwa amewahi kumnyima mtu kitu. Mwaka uliotangulia alirudi kutoka dukani miguu mitupu, akatangaza kwa furaha kwamba viatu vyake amempa “yule rafiki”. Yule rafiki ni nani, hakuna aliyejua hadi leo.

Kwa hiyo Mbeti hakuogopa kufa. Aliogopa siku ya pili yake.

Mali aliyokuwa nayo haikuwa nyingi. Nyumba ya mawe aliyoishi Kaloleni, yenye vyumba viwili na kibaraza kinachotazama uwanja wa nyasi, haikuwa yake. Ilikuwa ya kanjo, yaani baraza la jiji ambalo siku hizi ni kaunti, na marehemu mumewe Mutie, karani wa stoo ya reli, alikuwa ameirithi kadi yake ya kodi kutoka kwa babake. Kilichokuwa chao ni ploti ya Tassia, mtaa mwingine wa jiji. Mutie aliinunua mwaka wa 1997 kwa marupurupu yake ya kustaafu, akajenga vyumba vinne vya mabati, akapangisha. Baadaye mabati yalibomolewa, na mahali pake pakasimama jumba la mawe la ghorofa mbili lenye vyumba kumi na viwili. Kodi ya vyumba vinne ilimfikia Mbeti kila mwezi bila kukosa. Hiyo ndiyo iliyonunua dawa za Kathini. Nyingine ilikwenda kwa gharama za ujenzi, au ndivyo alivyoambiwa, naye hakuwahi kuuliza zaidi.

Akaamua kwamba ploti ile iwe ya Kathini. Lakini kuiandika kwa jina la Kathini ingekuwa sawa na kuiweka barabarani. Yule rafiki wa viatu angerudi, safari hii na kidau cha wino, amshike Kathini kidole gumba.

Katika kanisa lake alikuwa amesikia mama mmoja akisema kwamba kuna kitu mawakili huita amana: mali hushikwa na mtu mmoja kwa faida ya mwingine asiyeweza kuishika mwenyewe. Mbeti alikwenda kumtafuta wakili.

Wa kwanza aliyempata alikuwa Patrobas, aliyekuwa na meza, taipureta na mihuri minne kwenye veranda moja karibu na ofisi ya chifu. Kibao chake kilisema anashughulikia ploti, talaka, vyeti na mengineyo.

“Amana?” Patrobas akasema, akivuta karatasi. “Hiyo ni kitu ya dakika kumi, mathe. Unaapa hapa, napiga stempu, mchezo umeisha.”

“Na wewe ni wakili kamili?”

“Mathe, mtaa mzima wananiita wakili. Ama unataka mpaka mbuzi za kwenu zinitambue?”

Mbeti alisema atarudi. Jioni ile alimweleza jirani yake Wafula, fundi wa viatu na katibu wa chama cha mazishi cha mtaa, mtu ambaye hata risiti ya kununua gundi alikuwa akiihifadhi ndani ya bahasha.

“Mama Kathini,” Wafula akamwambia, “wakili hachaguliwi kama sukuma wiki, kwa kuangalia aliye karibu. Majina yao yako kwenye orodha ya serikali. Ngoja.” Akavaa miwani, akaipapasa simu yake kwa muda mrefu, huku midomo ikitembea. “Patrobas hayumo. Wa mwaka huu hayumo, wa mwaka jana hayumo. Huyu akikuandikia amana, umeandikiwa barua ya mapenzi.”

Wafula ndiye aliyempeleka kwa wakili Nimco Abdiqadir, aliyekiandikia chama chao katiba. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vitambaa, ghorofa ya tatu, si mbali na Majengo. Jina lake lilikuwemo kwenye orodha; Wafula alilihakiki mara mbili kabla hawajatoka nyumbani. Mbeti alizipanda ngazi zile akiketi kila ghorofa, Kathini akimpepea kwa kitambaa.

Nimco alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye buibui jeusi na sauti isiyo na haraka. Alimwagizia Mbeti maji, akamwachia Kathini rundo la vitambaa vya sampuli kutoka duka la chini avikunje, kisha akaeleza.

“Mama, amana ina watu watatu. Kuna mwenye mali anayeitoa. Kuna mdhamini anayeishika. Na kuna anayefaidika. Jina la mdhamini ndilo huandikwa kwenye mali, lakini mali si yake. Hawezi kuila, hawezi kuiuza ajijengee kwao.”

“Kama mweka hazina wa chama cha mazishi,” Mbeti akasema. “Pesa ziko benki kwa jina lake, lakini akizigusa tunamzika yeye.”

“Hivyo hivyo. Nimekuwa nikitafuta mfano kama huo miaka kumi.”

“Na wasia? Si niandike wasia tu?”

“Wasia utampa Kathini mali mkononi siku utakapokuwa hupo. Na mkono wa Kathini, mama, wewe unaujua kuliko mimi. Amana haiiachi mali mikononi mwake. Inalipa dawa, chakula na mtu wa kukaa naye, mpaka mwisho wa maisha yake. Tunaweka wadhamini wawili, ili mmoja akilala mwingine awe macho.” Akafungua daftari. “Sasa nipe hati ya ploti. Imeandikwa kwa jina la nani?”

Mbeti aliyatazama maji kwenye glasi. Wafula akaanza kuchunguza dari.

“Imeandikwa kwa jina la shemeji,” Mbeti akasema. “Mbaluka. Mdogo wake marehemu.”

Hapo ikabidi aeleze jambo ambalo Kaloleni nzima ingelielewa bila kuelezwa. Siku zile ilisemekana kwamba mpangaji wa kanjo akionekana ana nyumba yake pengine, kanjo humnyang’anya ile ya kupanga. Nani alisema? Watu walisema. Kwenye foleni ya kulipa kodi, kwenye ukumbi wa mtaa, kwenye matanga. Kwa hiyo wenye ploti waliziandikisha kwa majina ya kaka, ya shangazi, ya wakwe walioko Machakos. Mutie naye hakutaka kuipoteza nyumba alimozaliwa. Alimwita Mbaluka, wakala nyama pamoja, Mutie akasema, “Ndugu yangu, nishikie hii,” na Mbaluka akajibu, “Nimeshika.” Baba yao mzee, aliyekuwa hai wakati huo, alitaka waape kwa kithitu, kiapo cha Wakamba ambacho anayekivunja husemekana hufa yeye na watu wa nyumba yake. Wale ndugu wawili walikataa. Mutie alikuwa mzee wa kanisa na Mbaluka mwalimu wa shule ya Jumapili. Mambo ya kithitu walikuwa wameyakana ubatizoni. Waliomba sala fupi badala yake.

“Kwa hiyo karatasi hamkuandika kwa kuogopa kanjo,” Nimco akasema polepole, “na kiapo hamkula kwa kuogopa kanisa.”

“Tuliaminiana, wakili.”

“Najua. Mama, ulikuja hapa kutafuta amana, kumbe amana mnayo tangu mwaka wa 1997. Mumeo ndiye aliyeitoa, shemeji ndiye mdhamini. Tatizo ni kwamba imeandikwa hewani.”

Aliomba kuona mkataba wa upangaji wa Kaloleni, ambao Mbeti alikuwa ameuleta ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vyote alivyokuwa navyo. Aliusoma ukurasa baada ya ukurasa, akarudi mwanzo, akausoma tena.

“Hapa sioni mahali panaposema mpangaji asiwe na ploti kwingine.”

“Neno hilo liko,” Mbeti akasema. “Kila mtu anajua liko.”

“Nionyeshe, mama.”

Mbeti, aliyesoma hadi darasa la saba, aliupitisha ukucha wake chini ya kila mstari. Alipofika kwenye saini ya mumewe aliukunja mkataba kwa mikunjo yake ya zamani, akaurudisha mfukoni.

Hata hivyo dawa haikuwa mbali. Nimco alifanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi: ploti bado ilikuwa kwa jina la Mbaluka, haijauzwa, haijawekwa rehani. Kilichotakiwa ni saini yake moja chini ya tamko kwamba anaishika kwa niaba ya familia ya marehemu. Tamko hilo lingetosha kuwa mlango wa amana ya Kathini. Nimco aliliandika, pamoja na majina ya wadhamini wawili watakaoipokea ploti baada yake, Wafula akiwa mmoja wao, likawa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ili asiwepo mtu wa kusema hakuelewa.

“Mwaminifu hawezi kukataa,” Mbeti alimwambia Wafula njiani.

“Mwaminifu ndiye hukasirika haraka,” Wafula akajibu. “Mwizi husaini, akacheka.”

Mbaluka aliishi pale pale Tassia, kwenye vyumba viwili vya chini vya jumba lile, na mkewe Kavutha. Alikuwa na miaka sitini na minane, karani mstaafu wa kiwanda cha unga, mtu nadhifu aliyevaa koti hata akiwa anapalilia sukuma kwenye magunia. Alimpokea Mbeti kwa heshima zote, akamuuliza hali ya moyo, akamtania Kathini kwamba amemletea mchumba. Kavutha akaleta chai na viazi vitamu.

Mbeti hakulitoa lile tamko hadi viazi vilipoisha. Alieleza maneno ya daktari, akaeleza maana ya amana, akaeleza vizuri kabisa, kwa kuwa alikuwa amejifunza njiani kama mtoto anayekwenda kukariri mbele ya mkaguzi. Mbaluka aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Aliisoma amesimama. Alipomaliza aliiweka juu ya meza, akaisukuma mbali na vikombe.

“Shemeji,” akasema, “tangu kaka afariki ni miaka mingapi?”

“Kumi na mitano.”

“Kuna mwezi wowote sikukutumia kodi?”

“Hakuna.”

“Wakati ule wa korona, wapangaji wanahama usiku na magodoro kichwani, nilikutumia au sikukutumia?”

“Ulinitumia, shemeji. Mungu ni shahidi.”

“Mungu ni shahidi. Basi huyu wakili ni shahidi wa nini?”

Mbeti alisema kwamba si yeye anayemshuku, ni kifo. Watu hufa. Mbaluka akifa, hati ikiwa kwa jina lake, Kathini atamwambia nani kwamba ploti ni yake?

“Ataniambia mimi,” ikajibu sauti kutoka mlangoni. Alikuwa Ndeti, mwana wa kwanza wa Mbaluka, mwanamume wa miaka arobaini mwenye gari la kubeba mchanga na funguo nyingi kiunoni. “Shikamoo, mama mkubwa. Lakini hapo kwa ‘ploti ni yake’, hebu rudia pole pole.”

“Ploti ilinunuliwa na baba yako mkubwa, Ndeti. Wewe ulikuwa darasa la saba.”

“Ploti ilikuwa matope na mabati manne. Hii nyumba unayoona nani ameijenga? Mimi nimebeba mchanga wa hii nyumba. Buda, babangu huyu, amesimamia mafundi, amelala nje na simiti isiibiwe. Baba mkubwa alikuwa wapi?”

“Alikuwa amekufa,” Mbeti akasema. “Na ile simiti ilinunuliwa kwa kodi ya mabati yake.”

“Mama mkubwa, ukitaka tufungue hesabu, hesabu itatuumiza sote.”

“Nyamaza, Ndeti,” Mbaluka akasema, lakini hakulisema kwa nguvu. Mbeti, ambaye alikuwa amemjua mtu huyu tangu akiwa kijana wa shule anayekuja Kaloleni kula ugali wake, aliligundua hilo. Kumbe neno lile lilikuwa limekaa ndani ya nyumba hii kwa muda mrefu, likila nao na kulala nao. Ndeti alilitamka tu.

“Shemeji,” Mbaluka akaendelea, “kaka yangu alinipa neno, nami nimelitunza neno. Siku zote hizo nilikuwa ndugu. Leo nikitia saini hapa, nakuwa mtumishi. Hii karatasi inasema mimi nimekaa hapa miaka ishirini na saba nikilinda cha wengine, kama askari wa geti. Kisha inasema baada yangu waje wadhamini wawili, mmoja fundi wa viatu. Mgeni kutoka Bungoma anikague mimi nyumbani kwangu?”

“Umesema nyumbani kwako.”

“Nimeishi hapa. Niseme wapi?”

Kavutha alianza kukusanya vikombe, ingawa cha Mbeti hakikuwa kimeisha. Kathini alikuwa amekunja vitambaa vyote vya makochi na kuvipanga juu ya televisheni. Alimkumbatia baba mdogo wake kwa kumuaga, na Mbaluka akamshika kichwa kwa upendo usio na unafiki wowote. Hilo ndilo lililomuuma Mbeti kuliko yote. Angekuwa mwizi mtupu, ingekuwa rahisi kumchukia.

Mwisho wa mwezi ule kodi haikuja. Mwezi uliofuata haikuja pia.

Mbeti alizipanda tena ngazi za duka la vitambaa, safari hii akipumzika mara mbili kila ghorofa. Nimco hakumficha kitu. Kesi ilikuwepo, akasema, tena kesi nzuri. Mahakama huweza kuitambua amana hata isiyoandikwa, ikiwa matendo ya watu yanaithibitisha, na rekodi za simu zilikuwa zinaonyesha kodi ikitumwa mwezi baada ya mwezi. Mtu hatumi kodi kwa miaka kumi na mitano kwa mtu asiye mwenye kitu.

“Lakini swali la kwanza watakalokuuliza ukiwa kizimbani ni hili: kwa nini mumeo hakuandika jina lake?”

“Nitasema ukweli.”

“Utasema, chini ya kiapo, kwamba alikuwa akiificha mali ili asipoteze nyumba ya kanjo. Wakili wao atasimama aseme: mheshimiwa hakimu, watu hawa walidanganya serikali, sasa wanaomba serikali iwasaidie. Huenda tukamjibu, tena vizuri. Lakini maneno yako yatakuwa yameandikwa, na hiyo nyumba unayoishi bado ni ya kaunti.”

“Wewe umesema sheria hiyo haimo.”

“Mimi sikuiona ndani ya mkataba. Siwezi kuapa kwamba haiko mahali pengine. Na ikiwa haiko, mama, itakuwa vigumu zaidi kueleza mlikuwa mkikimbia nini.”

“Kesi itachukua muda gani?”

Nimco aliutazama mguu wa Mbeti, uliovimba juu ya kiatu kama mkate uliozidi chombo. “Muda,” akasema.

Wiki tatu baadaye Ndeti alikuja Kaloleni mwenyewe, amevua zile funguo. Alikaa kibarazani, akakubali chai, akaongea kwa upole wa mtu aliyetumwa. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa na kumkanya babake. Haifai mtoto mgonjwa wa kaka yake kutajwa vibaya na watu. Mzee amekubali. Kathini apewe chumba namba tatu cha chini, akae humo maisha yake yote bila kodi, na dawa zake zilipwe na kodi ya chumba namba nne. Kavutha atamwangalia. Mzee yuko radhi hata kuandikishiana, tena kwa wakili huyo huyo.

“Na mimi nitoe nini?” Mbeti akauliza.

“Wewe hutoi kitu, mama mkubwa. Ukubali tu kwamba hudai mengine. Tuwe na amani. Ama unataka siku yako ikifika tuanze kukimbizana kortini na jeneza?”

Vyumba viwili kati ya kumi na viwili. Mbeti hakumjibu siku ile. Alikaa siku nne akimwosha Kathini, akimsuka, akimlisha, akimshika ulimi usikatwe pale kifafa kilipomjia siku ya tatu. Alijaribu kumfikiria mtu mwingine akifanya hivyo. Aliwapitia wote aliowajua, ukoo wake na ukoo wa mumewe, kanisa na mtaa, na kila mara alifika kwa Kavutha, aliyekusanya vikombe kabla chai haijaisha, lakini ambaye mkono wake kwa Kathini haukuwahi kuwa mzito. Ploti bila mtu ingemfaa nini Kathini? Na kesi, hata ikishinda, ingemwachia ploti na kumwondolea watu.

Siku ya tano alimpigia Nimco simu.

Siku ya kutia saini, Mbaluka alikuja na koti la kanisani. Kavutha, Ndeti na mzee mmoja wa ukoo walikuja pia, wakajaza ofisi ile ndogo hadi Wafula akasimama ukutani. Nimco alimshauri Mbaluka atafute wakili wake wa kumsomea. Mbaluka alisema amekuwa karani maisha yake yote, kusoma anakujua. Wadhamini wangekuwa wawili, Mbaluka na Wafula. Juu ya hilo Mbeti alikuwa amegoma hadi wakakubali.

Nimco aliisoma hati kwa sauti. Sheria inataka anayetoa mali atajwe kwanza, kwa hiyo ndivyo ilivyoanza: kwamba Mbaluka, akiwa mwenye ploti hiyo na nyumba iliyo juu yake, kwa hiari yake na kwa mapenzi aliyo nayo kwa binti ya marehemu kaka yake, anaweka chumba namba tatu na chumba namba nne kuwa amana kwa ajili ya Kathini. Mzee wa ukoo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kavutha akasema, “Mungu ni mwema.” Kisha Nimco akafika kwenye ibara ya tisa, ambayo Ndeti ndiye aliyeidai. Akaacha kusoma, akamgeukia Mbeti kana kwamba wako wawili tu chumbani.

“Mama, hapa inasema wewe unakiri kwamba hujawahi kuwa na haki katika ploti hii, wala mumeo hakuwa nayo. Ukisaini, hakuna mlango wa kurudi. Mimi nakuuliza mara moja tu: umeelewa?”

“Nimeelewa.”

“Wala mumeo hakuwa nayo,” Nimco akarudia.

“Wakili, nimekuambia nimeelewa. Nipe kalamu.”

Alitia saini polepole, herufi moja baada ya nyingine. Ndani ya saini ile alimkana Mutie mbele ya ukoo wake, akakana marupurupu yake ya reli, na ile nyama waliyokula wakiambiana nishikie, nimeshika. Mbaluka alitia saini baada yake, kwa mkono mzuri wa karani, akapiga mstari chini ya jina. Wafula alitia ya kwake bila kumtazama mtu.

Mihuri ikapigwa. Watu wakashikana mikono. Mzee wa ukoo akasema kwamba katika dunia ya leo, ambapo watu hunyang’anya hata mayatima, ni wachache wanaotoa chao kwa mtoto asiye wao. Jambo hili litasimuliwa. Kisha Mbeti akaona kwamba wote wanamtazama yeye, na Mbaluka naye anamtazama, ameshika kofia yake, anangoja. Hakuwa na kejeli usoni. Alikuwa anangoja kile ambacho kwa dhati aliamini anastahili.

Kathini alimvuta mamake mkono. Alitaka kujua kama wanakwenda nyumbani.

“Asante, shemeji,” Mbeti akasema.

“Usijali, Mama Kathini,” Mbaluka akamjibu, akivaa kofia. “Ndugu ni kufaana.”